Muulize Mpimaji: Babu amechoka na picha zinazozunguka

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: kuingia kwenye majengo ya kale na mashuhuri kupitia skrini. Nimezisoma nikiwa nimenyoosha goti la kushoto juu ya stuli. Ni goti hilo hilo lililoniachisha kupanda minara, baada ya miaka thelathini ya kupima majengo kwa futi kamba, timazi na daftari la miraba. Kwa hiyo aliyedhani nitazibeza ziara za skrini amebisha hodi nyumba siyo. Aliyedhani nitazisifu tu, naye asubiri kidogo.

Shikamoo Bibi Mpimaji. Babu yangu alikuwa mwashi maisha yake yote, sasa miguu haimbebi. Nikasema nimtembeze majengo makubwa ya dunia kwa kompyuta. Jioni moja tuliingia makanisa, misikiti na kasri zisizopungua kumi. Dakika tano tu akaanza kupiga miayo, kisha akasema: “Mwanangu, hizi ni picha zinazozunguka. Nyumba yenyewe iko wapi?” Nimevunjika moyo. Nilikosea wapi?
Mjukuu wa Mwashi

Marahaba, mjukuu wangu. Ulikosea kwenye hesabu. Majengo kumi kwa jioni moja! Hata mimi ningesinzia.

Lakini kuna kosa la pili, na hilo ndilo kubwa. Ulimfanya babu yako mgeni. Mwashi haingii nyumba ya watu kama mgeni, hata akialikwa harusini. Macho yake yanakwenda kwenye kona kuona kama imesimama wima, kiganja kinapita ukutani, kidole kinagonga lipu kusikia kama ndani kuna uwazi. Wewe ukamkalisha kwenye kiti na kumwonyesha vitu vizuri kimoja baada ya kingine. Mpe kazi uone.

Anza na Pantheon, lile hekalu la kale la Rome, jengo moja tu jioni nzima. Usimsomee habari za wafalme. Tafuta picha ya nyuzi 360, ile inayoonyesha pande zote, iliyopigwa katikati ya sakafu, inua macho hadi kwenye kuba, kisha muulize: “Babu, hili limeshikwa na nini?” Unyamaze. Atatafuta nguzo katikati, hazipo. Atasema kuna chuma ndani. Hapo ndipo umwambie kwamba ni zege tupu, halina nondo hata moja, lina upana wa mita 43.3, na kimo cha kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni hicho hicho. Limekaa hivyo tangu enzi za Kaisari Hadrian, karne ya 2, na hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi kwa ukubwa. Atabisha. Mwache abishe, maana mtu anayebisha hapigi miayo.

Akimaliza kubisha, mwonyeshe vile vishimo vya mraba vilivyozunguka kuba: safu 5, kila safu vishimo 28. Muulize ni vya nini. Naweka dau kwamba atakujibu kabla hujamaliza swali: kupunguza uzito. Nawe umwongezee siri ambayo picha haionyeshi: waashi wale walikuwa wakibadilisha kokoto kadiri walivyopanda, chini mawe mazito, juu kabisa mawe mepesi ya volkano yenye vitundu kama sifongo. Kisha shuka sakafuni. Lile tundu la juu halina kioo, mvua inaingia kama kawaida. Mwambie atafute maji yanakwenda wapi. Kuza picha polepole kwenye marumaru, mtaona vitundu vidogo vya kutolea maji, na kwa jicho la mwashi atatambua kwamba sakafu yenyewe imeinuka kidogo katikati ili maji yasituame. Mtu akiona hivyo amelitembelea jengo, hata kama hajatoka kitini.

Siku nyingine, nasema siku nyingine na siyo jioni ile ile, mpeleke kwenye magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Mwaka 2020 CyArk, shirika linalohifadhi majengo ya kale kwa vipimo vya kidijitali, kwa kushirikiana na Google Arts & Culture waliweka magofu hayo mtandaoni kwa vipimo vya pande tatu, katika mradi wa maeneo matano ya dunia yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kule Kilwa tishio ni bahari inayokula ufukwe. Ingieni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, na ile yenye matao na makuba iliongezwa karne ya 14. Usimwambie ipi ni ipi. Muulize ukuta upi ulitangulia. Mwashi hujua mahali ukuta mpya ulipokutana na wa zamani kama fundi cherehani anavyojua nguo iliyotiwa kiraka.

Na mkifika kwenye nyumba za kale za mawe za mwambao, Kilwa au kwingineko, atakuuliza yeye kwanza: mbona vyumba ni virefu hivi na vyembamba hivi? Jibu liko darini, au mahali dari ilipokuwa. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Urefu wa chumba uliamuliwa na mwenye nyumba, lakini upana uliamuliwa na mti.

Nikupe na njia zangu mbili za kupima jengo usiloweza kuligusa. Unene wa ukuta utauona dirishani. Usitazame nje, geuka utazame ubavu wa tundu la dirisha, pale ambapo mtu angeweka kiwiko. Ukiona ubavu unatosha mtu kukaa, hapo una ukuta wa mawe mazito. Ubavu mwembamba kama kitabu, hapo kuna fremu imefichwa mahali. Njia ya pili ni ngazi. Hesabu vidato. Kidato kimoja kwa kawaida ni sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo vidato 20 vinakupa ghorofa ya mita 3 hadi 4. Ngazi ndiyo futi kamba ya skrini.

Halafu kipanya akishike mwenyewe. Hili nimejifunza kwa aibu. Niliwahi kukusanya wazee kumi na wawili kwenye ukumbi kwa ziara ya moja kwa moja, na kijana mmoja mchangamfu akiiongoza kutoka mbali. Yule kijana alikuwa akizungusha picha kama anayetafuta ufunguo uliopotea. Mzee mmoja akavua miwani akidhani imeharibika, mwingine akaomba ndoo. Anayeshika kipanya haoni kizunguzungu kwa sababu anajua picha inaelekea wapi, lakini anayefuata tu kwa macho ndiye anayeumia. Babu akiendesha mwenyewe atakwenda taratibu, atakwama, atarudi nyuma, atakutukana kidogo. Vumilia.

Bibi, nina malalamiko. Niliizunguka nyumba moja ya makumbusho mtandaoni, nikaipenda, nikaweka akiba nikaenda. Kufika, sebule niliyoidhania uwanja wa mpira ilikuwa chumba ambacho watu wanane wakiingia wanakanyagana. Nimedanganywa?
Msafiri Mwenye Hasira

Hukudanganywa kwa makusudi, ila kamera ilikunyoosha. Lenzi inayomeza chumba kizima kwa mara moja hulazimika kuvuta pembeni, kitanda cha kona kikawa mashua. Dawa ni moja: kila uingiapo chumba, kuza picha mpaka mlango ufanane na mlango. Mlango wa kawaida una mita 2 hivi. Ukishaupata huo, ulinganishe na vitu vingine vyote, chumba kitarudi kwenye kimo chake.

Tazama pia chini, miguuni pako. Utaona doa lililofifishwa au nembo imebandikwa. Hapo ndipo mguu wa kamera uliposimama na kufutwa. Ni alama ndogo, lakini inakuambia jambo kubwa: umesimama mahali alipopenda mpiga picha, na hata ungetaka kusogea hatua moja kushoto huwezi. Chumba chenye madoa matano kimetendewa haki. Chumba chenye doa moja, tena kwenye kona iliyo mbali zaidi na mlango, kimetengenezewa ukubwa.

Na vivuli, usivisahau. Mimi hupenda kutazama kivuli cha dirisha sakafuni nikitoka chumba hadi chumba. Ukiona chumba cha kwanza kivuli kimelala kulia na cha pili kimelala kushoto, jua kazi ilianza asubuhi ikaisha alasiri, na ule “mchana mmoja” unaotembezwa ndani yake haukuwahi kuwapo.

Lakini kabla hujamlaumu mpiga picha, nenda kwenye nyumba ya msanifu John Soane mjini London, ambayo sasa ni makumbusho na sehemu zake zimewekwa mtandaoni kwa skani za leza, yaani vipimo vinavyochukuliwa kwa mwanga. Soane alifariki mwaka 1837, na miaka minne kabla yake alikwisha pata sheria ya Bunge ya kuifanya nyumba ibaki kama atakavyoiacha. Kwenye chumba cha kustaftahi, chini ya kuba dogo, alipachika vioo vya mbinuko, vingi mno, ili chumba kidogo kionekane kinaendelea. Kuna chumba cha picha ambacho kuta zake zinafunguka kwa bawaba kama kurasa, ili picha nyingi zienee mahali padogo. Basi ule ujanja unaokukasirisha wenye nyumba waliufanya kabla kamera haijajua kusimama.

Tena wakati mwingine skrini na jengo vinapingana kwa heshima. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule msichana Myahudi aliyejificha humo na familia yake kuwakwepa Wanazi: ukienda kwa miguu, vyumba vya maficho ni vitupu. Samani ziliondolewa wakati wa vita baada ya waliojificha kukamatwa, na Otto Frank, baba yake, akataka vibaki hivyo. Ukiingia kwa ziara yao ya mtandaoni, unavikuta na vitanda, meza na vyombo, kama vilivyokuwa watu wanane walipoishi humo. Mimi nilianza na vile vyenye samani, kisha nikatazama picha za vitupu. Nadhani ingekuwa kinyume nisingeuelewa utupu ule. Zaidi ya hayo, zile ngazi zake za mwinuko mkali hazimpandishi mtu wa kiti cha magurudumu, wala mtu wa goti langu. Kwetu sisi, skrini ndiyo mlango pekee.

Ila hasira yako ya sebule naielewa. Nenda tena siku ya mvua, watu wakiwa wachache.

Huu mtindo wa majengo kufungua milango kwa watu wote siku moja ulianzia wapi? Na huu wa mtandaoni?
Mpenda Tarehe

Kwa kifupi: Ufaransa, 1984, wizara ya utamaduni ilifungua majengo ya kihistoria kwa siku moja. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata, na mwaka 1991 Baraza la Ulaya likaifanya shughuli ya pamoja. Glasgow walifungua milango yao 1990. London ilianza 1992, kazi ya mama mmoja anayeitwa Victoria Thornton, aliyetaka watu wa kawaida waingie ndani ya usanifu badala ya kuusoma tu. Toronto wakaja 2000, New York 2003, Chicago 2011.

Uzuri wa siku hizo, kwa wasiozijua, ni kwamba hazifungui makumbusho tu. Zinafungua vile ambavyo siku zote unavipita nje: chumba cha mitambo ya maji, paa la benki, ofisi ya wasanifu, nyumba ya mtu binafsi aliyeijenga kwa kichaa chake. Mwaka 2020 Uviko-19 ulipofunga kila kitu, waandaaji wa siku hizo za milango wazi katika miji mingi walihamishia ziara zao kwenye video na picha za nyuzi 360. Milango ilipofunguliwa tena, baadhi ya ziara zile zilibaki, na nashukuru. Foleni ya muda wa saa tatu kuona ngazi moja siyo kitu cha kuililia.

Sisi ni vijana sita. Mtaani kwetu kuna jengo la zamani, mlinzi wake ametukubalia kuingia na kulipiga picha ili watu walitembelee mtandaoni. Tuna simu moja nzuri na mguu mmoja wa kamera. Tuanzie wapi?
Sita wa Kizingitini

Anzieni kwa kuiweka simu mfukoni. Mlinzi kukubali ni jambo jema, lakini mlinzi si mwenye nyumba. Pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye jengo, na kama kuna watu wanaishi au kufanya kazi humo, kila mmoja aulizwe kwa mdomo wake. Asiyetaka chumba chake kionekane, mlango wake ufungwe, nanyi mwandike tu “chumba hiki kinakaliwa”. Msipige makomeo, msipige kamera za ulinzi, msipige stoo. Ziara ya mtandaoni inatazamwa na wapenda majengo na wapenda mali za watu.

Baada ya hapo chukueni karatasi. Mchore jengo kwa mkono, vibaya hivyo hivyo, mkiweka kila mlango na kila ngazi. Kwenye mchoro tieni nukta mahali mguu wa kamera utakaposimama. Wanaoanza hutia nukta katikati ya kila chumba na kuondoka. Nyinyi tieni nukta kwenye kila kizingiti pia, kwa sababu bila picha ya kizingitini mtazamaji anaruka kutoka chumba hadi chumba kama jini, hajui alipita wapi. Nukta zikae hatua mbili au tatu kutoka moja hadi nyingine. Kimo cha kamera kisibadilike, fungeni uzi mwekundu kwenye mguu ili msidanganyane. Mpige kwa saa zile zile za siku, kwa sababu ya yale niliyomwambia Msafiri kuhusu vivuli. Simu ikishona picha pamoja vibaya, mtaona nguzo imevunjika katikati au tao lina meno. Rudieni hapo hapo, msiseme mtarekebisha nyumbani. Hakuna anayerekebisha nyumbani.

Vyumba vizuri vitajipiga vyenyewe. Nguvu zenu zipelekeni kwenye vibaya: chini ya ngazi, nyuma ya mlango, kenchi za paa, kona yenye unyevu. Mnajua kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua Aprili 2019. Miaka tisa kabla ya moto, mwaka 2010, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa amelipima kwa leza akihamisha mashine yake kwenye vituo zaidi ya 50, akapata nukta za vipimo zaidi ya bilioni moja. Hakuwa akijiandaa kwa moto. Alikuwa akitaka kujua waashi wa zamani walijengaje na nguzo zilipinda wapi. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 2018, hakuuona ule moshi. Vipimo vyake vikawa miongoni mwa vile vilivyowafaa waliolijenga upya, na Desemba 2024 likafunguliwa tena.

Na karibu zaidi, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, lile jumba la kifalme lililojengwa 1883 enzi za Sultani Barghash, lilibomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafa. Picha za roshani za mbele tunazo wote, hadi kwenye kalenda. Mimi ninayotafuta ni picha ya boriti, ya kona ya ndani, ya ufa ulioanza kama unywele. Hizo hazipigwi na mtalii. Zipigwe na nyinyi.

Kuhusu sauti: wekeni simu katikati ya kila chumba, wote mtoke, irekodi dakika moja. Ukumbi mkubwa una mwangwi wake, chumba chenye mazulia kina ukimya wake, na mtazamaji akivaa vipokea sauti ataujua ukubwa wa chumba kwa masikio hata pale lenzi ilipomdanganya macho. Mrekodini na yule mlinzi akifungua mlango mkuu, aeleze mwenyewe ufunguo unazungushwaje. Asisome karatasi.

Kila picha iandikwe tarehe. Picha za awali, zile nzito, zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na mahali pamoja pasiwe simu ile ile. Ziara mtakayoweka mtandaoni ifanyeni nyepesi, kuna watu watakaoifungua kwa bando la mwisho wa mwezi.

Ngazi zitawasumbua. Huwasumbua wote, kwa sababu mguu wa kamera hausimami sawa kwenye vidato na picha hazishonani. Pigeni chini, pigeni juu, pigeni kwenye kituo cha katikati kama kipo, basi. Mkikwama hapo nitumieni ule mchoro wa mkono, siyo picha, nami nitatia nukta kwa penseli niwarudishie.